Jani la juu la ngano likikauka mapema, punje husinyaa

Wakulima wa ngano wa Narok, Uasin Gishu, Karatu na Hanang wanaijua hali hii: suke limesimama vizuri, lakini ukilipukuchua mkononi punje ni nyembamba na zimejikunja. Gunia linajaa, uzito haufiki.

Tukitafuta chanzo, tuanzie kwenye jani la mwisho kutoka, lile lililo chini tu ya suke. Ngano ikishachanua, jani hilo hutengeneza sehemu kubwa ya sukari inayogeuka wanga ndani ya punje. Ukame, joto kali, upungufu wa naitrojeni au ugonjwa wa kutu vikilizeesha mapema, punje hukosa chakula zikiwa bado zinajaa.

Hata hivyo, jani kuzeeka si ugonjwa. Likigeuka njano kwa wakati wake, naitrojeni yake huhamia kwenye punje na kuwa protini. Mwaka 2006 watafiti walitoa matokeo ya kupunguza nguvu ya jeni zinazoharakisha uzee huo. Majani yalichelewa kuzeeka kwa zaidi ya wiki 3, lakini protini, chuma na zinki ndani ya punje vilipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo tusishangilie kila shamba linalobaki kijani.

Masuke yakianza kutoka, kagua jani la juu kila baada ya siku chache. Ukiona unga wa manjano, chungwa au kahawia unaobaki kidoleni, hiyo ni kutu. Mwite bwana shamba mara moja. Majani ya chini kabisa yakigeuka njano wakati huo, mengi yamemaliza kazi.