Kila Mfumo na Diski Yake

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kakamega zilikwisha kutumikia ofisi za ng'ambo kabla ya kufika mikononi mwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za karibuni. Linux haina masharti hayo. Ila mwenye programu ya uhasibu inayokubali Windows tu ataihitaji mifumo yote miwili.

Kuibana mifumo miwili katika diski moja ndiko kunakoleta balaa. Mashine ya zamani ikiwashwa, BIOS husoma baiti 512 za mwanzo wa diski: 446 ni maagizo ya kuamsha mfumo, 64 zinaonyesha diski imegawanywaje, na mbili za mwisho ni alama ya uhalali. Utaratibu huu ni wa 1983, na ni kiti cha mtu mmoja. Windows ikiwekwa baada ya Linux huandika maagizo yake juu ya yaliyokuwapo, bila hodi. Linux ingali nzima diskini, lakini hakuna wa kuiamsha.

Dawa ni kuupa kila mfumo diski yake. Kwenye laptopu, fundi hung'oa kisomeo cha DVD, ambacho siku hizi hakitumiki, akatia SSD mahali pake. Wakati wa kuweka mfumo wa pili, diski ya kwanza na ichomolewe kabisa. Windows ikiona diski mbili huweza kupeleka faili zake za kuamshia kwenye ile usiyoikusudia. Baadaye, F12 kwenye Dell au F9 kwenye HP hukuletea orodha ya diski uchague. Diski moja ikifa, nyingine inaamka kama kawaida.

Kero inayobaki ni saa. Linux huiwekea mashine saa ya kimataifa, Windows huichukulia kuwa ya hapa. Hivyo, saa nne asubuhi Kakamega, Windows itaonyesha saa moja. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux hulimaliza hilo. Wataalamu huonya dhidi yake kwa sababu ya nchi zinazosogeza saa kwa majira. Kenya haisogezi, basi itumie.