Mgane wa Tanga, Kapera wa Moshi

Jumamosi za Desemba mjini Moshi, matarumbeta husikika kabla ya kuonekana. Hutangulia gari la wazi lililojaa wapiga tarumbeta, mpiga ngoma kubwa amekalia ubavu wa bodi, mguu mmoja unaning'inia nje. Nyuma yake gari la maharusi limefungwa riboni, kisha msururu wa magari ya ndugu waliopanda kutoka Dar es Salaam. Wanazunguka kipilefti cha mnara wa saa mara mbili tatu, vijana wa bodaboda wanawaitikia kwa honi. Zikishapigwa nyimbo za kanisani na za mtaani, huja zamu ya "Malaika". Bibi harusi hutabasamu, bwana harusi hufuta jasho, na hakuna anayejiuliza inakuwaje siku ya ndoa ipambwe na wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa.

Maana habari yenyewe ndiyo hiyo. Kijana anampenda msichana, anamwita malaika, anamfananisha na ndege mdogo, angemwoa kesho kama si kukosa mali. Anauliza afanyeje. Hajibiwi. Wimbo unarudi ulikoanzia, unauliza tena, unaisha. Maneno ni machache kiasi kwamba mtoto wa chekechea huyashika kabla hajajua mahari ni kitu gani.

Nani aliutunga, hilo watu wamebishania kwa miaka mingi. Ulimwengu uliusikia kwa sauti ya Fadhili William, mzaliwa wa Taita-Taveta, eneo la Kenya linalopakana na mkoa wetu, aliyeurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba akauchukua, mwaka 1965 ukatoka katika albamu yake na Harry Belafonte, na Kiswahili chake kikateleza hapa na pale bila kumpunguzia mtu hamu ya kusikiliza. Boney M wakaupiga kwa mtindo wa disko mwaka 1981, Angélique Kidjo akaurudia miaka kumi baadaye. Lakini wapo wanaomtaja Mtanganyika, Adam Salim, kwamba aliutunga mwaka 1945 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda hapa Moshi. Inasimuliwa kwamba wazazi walikataa, na binti akaozwa mtu wa asili ya Asia mwenye uwezo. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ila mtu akitembea leo kutoka maduka ya katikati ya mji, ambayo mengi yalifunguliwa na Wahindi enzi za reli, hadi mitaa ya Majengo na Njoro, ataona kwamba kisa hicho hakihitaji kubuniwa. Mwenye duka na kijana wa mshahara mdogo walitenganishwa na mwendo wa dakika chache tu.

Shairi ninalotaka kuliweka kando ya wimbo huo limetoka upande wa pili wa reli hiyohiyo, iliyoanzia Tanga na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni "Amina", la Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali, akafariki mwaka 1962. Katika kitabu chake Maisha Yangu anaeleza jinsi mkewe alivyougua na kumwachia watoto, na shairi la kumlilia limo humo. Tenzi mbili alizowatungia watoto zimo pia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana.

"Amina" ni tarbia: mishororo minne kila ubeti, vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachorudi kila ubeti unapofungwa. Mshairi anamwita mkewe kwa jina lake katika neno la kwanza kabisa. Anamwombea pepo. Anakiri kwamba alimwombea apone, ugonjwa ukamshinda, na Mungu akamchagua. Anasema majonzi yake hayasemeki, kisha anayasema kwa utulivu unaomtisha msomaji. Kituo kinasisitiza jambo moja tu, kwamba penzi walilolifunga hao wawili hakuna awezaye kulifungua. Na kuelekea mwisho anategemea siku ya kufufuliwa, vumbi likishaungana tena na roho, waanzie walipoachia.

Ukizisoma kazi hizi mbili siku moja, utaona jambo la ajabu. Aliyefiwa ana matumaini kuliko yule ambaye mpenzi wake yu hai. Amina amelala kaburini, na mumewe anazungumza kama mtu aliyesindikiza msafiri stendi. Malaika yu mzima, pengine anakaa mtaa wa pili, pengine wanapishana sokoni Mbuyuni kila Jumamosi, na kijana anazungumza kana kwamba hatamwona milele.

Nadhani sababu iko kwenye kile kituo. Mgane alishafunga ndoa. Kilichofungwa kina mashahidi, kina watoto, kina miaka ya kula chungu kimoja, na kifo kinakuta kazi imekwisha kufanyika. Kapera hana kitu cha kushikilia. Hajawahi kumpoteza mke, amepoteza tu alichokitamani, na kilio cha kitu ambacho hakikuwapo hakina matanga. Mgane anapelekewa uji, watu wanakuja na mikeka, siku ya arobaini inasomwa dua. Kapera anaambiwa tafuta mwingine.

Hapo wimbo unafanya kazi ambayo shairi haliwezi kuifanya. Kwa kuwa yule wa kwenye "Malaika" hana jina, hana umbo, hana kabila wala dini, kila msikilizaji anamweka wake. Bwana harusi aliyefuta jasho pale kipilefti anaweza kuwa anamwimbia aliye pembeni yake, au mwingine aliyeolewa Mwika mwaka juzi, na hatutajua. "Amina" hairuhusu ujanja huo. Ina mwenyewe. Ukiisoma harusini utaonekana mchawi, ukiisoma msibani lazima ujiulize kama marehemu huyu alipendwa kiasi hicho. Naipenda zaidi kwa sababu hiyo, ingawa nakubali kwamba sijawahi kuiimba bafuni.

Watu wa fasihi watauliza kama ni haki kulinganisha shairi la vina na mizani na wimbo wa gitaa. Katika Kiswahili uzio kati ya viwili hivyo ni mfupi. Taarabu imeimba mashairi tangu enzi za Siti binti Saad, ambaye sahani zake za santuri zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na aliyeandika wasifu wake ni huyohuyo Shaaban Robert. Karani wa Tanga aliyemlilia mkewe kwa tarbia alimwona mwimbaji wa kike wa Unguja kuwa anastahili kitabu kizima. Hata kwa muundo, kituo cha "Amina" na kiitikio cha "Malaika" ni ndugu: vyote hurudi kwenye kidonda. Tofauti ni kwamba cha kwanza kila kinaporudi kimeongezewa nguvu na ubeti uliotangulia, cha pili kinarudi kikiwa kilekile. Huzuni ya kukosa pesa haina hatua ya pili. Ukiamka kesho bado huna.

Kuna anayekosekana katika kazi zote mbili, naye ni mwanamke. Amina hajibu kwa sababu zinazoeleweka. Malaika hajibu kwa sababu hakuulizwa. Hatujui kama alimtaka kijana huyu, kama alikuwa tayari kutoroka naye, kama yule mwenye mali aligeuka mume mwema. Wanaume wawili wanazungumza, mmoja na Mungu, mwingine na pesa. Taarabu ya wanawake ingejibu papo hapo, tena kwa kijembe. Nyimbo za gitaa za miaka hiyo zilikuwa na wanaume wengi mno mbele ya kipaza sauti.

Sasa tuupeleke wimbo mlimani, maana ndiko unakopata maana ambayo Makeba hakuihitaji. Uchagani mahari haikuwa bei ya dukani, kwamba huna basi ondoka. Ilikuwa mazungumzo yanayoanza kwa mshenga na kata ya mbege, na kuendelea kwa miaka. Mbuzi huyu leo, ndoo ya mbege msimu ujao, blanketi la bibi likichelewa halivunji ndoa. Mzee wa Kibosho au wa Marangu angeweza kufa akiwa bado anadaiwa kitu cha mke wake, na wanawe wakakimaliza. Ukikosea, unapeleka jani la sale kuomba radhi, na mlango uliofungwa unafunguliwa tena. Tena miaka hiyo ya 1940 mlima ulikuwa na fedha: kahawa ya vihamba ilipita katika chama cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, na msimu wa malipo ulijulikana hata na watoto.

Kwa hiyo kijana wa kwenye wimbo si mtu wa kihamba. Ni mtu wa mji. Yuko kwenye chumba cha kupanga, anasubiri mwisho wa mwezi, mahari kwake ni fungu moja la noti ambalo hana. Penzi la namna hiyo, la watu wawili bila ukoo nyuma yao, lilikuja na reli, ofisi na mshahara. Na karani wa Tanga, ukimtazama vizuri, ni mtu wa dunia hiyohiyo: katika shairi lake pia kuna mume, mke na Mungu, hakuna shangazi wala baba mkwe. Wote wawili ni Waswahili wa mjini wakijifunza kupenda kama watu binafsi, mmoja kabla ya ndoa, mwingine baada yake. Hapo tu ndipo naona wanapokutana.

Siku hizi mji na mlima vimechanganyika. Orodha ya mahari bado ina mbuzi na mbege, ila pembeni ya kila kitu imeandikwa thamani yake kwa shilingi, na wengi hulipa zile shilingi. Kisha zinafuata sendofu, kicheni pati, ukumbi, ndafu aliyesimamishwa mezani na majani mdomoni kama keki. Nimeona daftari la mweka hazina wa kamati moja ya harusi: safu ya majina, safu ya ahadi, safu ya taslimu, na safu ya nne, ndefu kuliko zote, ya salio. Kando ya jina la mjomba mmoja paliandikwa kwa kalamu nyekundu, "anasema Ijumaa". Kadi ya singo kiasi hiki, ya dabo kiasi kile. Ukoo umerudi kwenye mapenzi kwa kupitia kundi la WhatsApp, na kijana asiye na mali anaoa kwa mali ya watu mia mbili, ambao atawalipa mmoja mmoja zamu zao zikifika.

Ndiyo maana nadhani wazee wa Kibosho, wangeletewa kesi ya kapera wa "Malaika" barazani, wasingemhurumia sana. Wangemsikiliza mpaka mwisho, kisha wangemuuliza jambo ambalo wimbo wote haukuligusa: wewe, huna baba wadogo?