Lucca asubuhi, Pisa jioni: siku inayopangwa kuanzia mwisho

Wageni ninaowapangia safari za Italia huniletea orodha. Huwa wameiandika kwenye simu, na mara nyingi ina majina matano: Siena, San Gimignano, Lucca, Pisa, na Firenze wanakolala. Wanaitaka yote kwa siku moja, kwa kuwa kwenye ramani miji hiyo inaonekana imepakana kama Kariakoo na Ilala. Kazi yangu ya kwanza huwa kufuta. San Gimignano haina stesheni ya treni. Unashukia Poggibonsi kisha unasubiri basi. Siena iko kusini, Pisa iko magharibi, na asiye na gari hubadilisha treni Empoli. Mwenye orodha hiyo ataimaliza siku akiwa dirishani.

Kwa mgeni anayelala Firenze nabakiza miji miwili, Lucca na Pisa. Sababu kubwa ni reli: njia zake zinachora pembetatu, kwa hiyo hutarudi ulikotokea kwa njia ileile. Firenze hadi Lucca ni kama saa moja na dakika ishirini, Lucca hadi Pisa nusu saa, Pisa hadi Firenze saa moja hivi. Zote ni treni za mkoa. Hazihitaji kuwekewa nafasi mapema, na nauli ni ileile hata ukikata tiketi dakika ya mwisho.

Siku yenyewe ipange kuanzia mwisho. Tafuta kwanza saa zisizosogea, kisha rudi nyuma. Ya kwanza ni saa ya kupanda mnara wa Pisa. Tiketi yake ina tarehe na dakika, na anayechelewa hupoteza zamu. Ikate kabla hujapanga jambo jingine lolote. Watoto walio chini ya miaka 8 hawaruhusiwi kupanda, hivyo mwenye familia aamue mapema nani atabaki chini nao. Mimi huchagua zamu ya saa kumi au kumi na nusu alasiri, pale mabasi ya watalii yanapoanza kuondoka.

Saa ya pili isiyosogea ni ya jua kutua, na hapa sisi wa karibu na ikweta tunakosea sana. Kwetu magharibi haiko mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Toscana, mkoa wa miji hii, mwezi wa Juni mchana una saa 15 na ushei, na jua linatua karibu saa tatu usiku. Desemba mchana ni wa saa 9 tu: saa moja na nusu asubuhi jua bado halijachomoza, na kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Kwa hiyo mgeni wa Desemba namsogezea zamu ya mnara hadi saa nane au tisa, na Lucca yake inafupishwa.

Jambo dogo linalohusiana na hilo. Niliwahi kumwandikia mama mmoja na bintiye kwamba treni yao ni saa tisa. Binti, aliyekulia Ulaya, akasoma 9:00. Wakafika stesheni asubuhi, treni niliyowatajia hawakuiona, wakapanda iliyokuwepo, na siku yao ikavurugika kuanzia hapo. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo naandika 15:00 kama ratiba za Italia zinavyoandika, na pembeni naweka saa ya Kiswahili. Nawe fanya hivyo hata kwenye karatasi yako mwenyewe.

Stesheni ya Firenze inaitwa Santa Maria Novella. Bango la njano ukutani linaonyesha treni zinazoondoka, jeupe zinazofika. Usitafute neno Lucca peke yake. Treni nyingi zinazopita Lucca huandikwa Viareggio, kwa sababu ndiko zinakoishia. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine kilicho jukwaani kabla ya kupanda. Asiyegonga hutozwa faini hata kama nauli ameilipa, na mkaguzi hasikilizi maelezo. Ukiona SOPPRESSO, treni imefutwa. Ukisikia neno sciopero, ni mgomo. Lakini siku za kazi treni za mkoa muhimu huendelea kutembea kati ya 6:00 na 9:00, na tena kati ya 18:00 na 21:00, kwa mujibu wa utaratibu wa huduma za lazima. Msafiri anayezijua saa hizo anaweza kwenda na kurudi hata siku ya mgomo.

Lucca inaanza kabla hujaingia mjini. Ukitoka stesheni unauona ukuta mbele yako, na chini ya buruji la San Colombano kuna njia ya miguu inayopenya tumboni mwa ukuta huo. Unaingia kwenye ubaridi wa matofali, unapita gizani kidogo, kisha unatokea karibu na kanisa kuu la San Martino. Wengi hupita lango kubwa pamoja na magari. Mimi huwapitisha hapa, maana mtu akishatembea ndani ya ukuta anauelewa unene wake kwa mwili: chini una takriban mita 30, na kimo chake ni mita 12.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1504 ukachukua karibu karne moja na nusu. Mizinga ilikuwa imezifanya kuta ndefu nyembamba za zamani kuwa hazina maana, na mafundi wa Italia wakabuni ukuta mfupi na mnene, wenye buruji zinazochomoza ili kila upande ulindwe na upande wa jirani. Aliyewahi kuingia Fort Jesus, Mombasa, anaujua mtindo huu. Ngome ile ilijengwa kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwatumikia Wareno, wakati huohuo ambao watu wa Lucca walikuwa bado wanapanga matofali yao. Tofauti ni kwamba Fort Jesus ilipigwa na kuzingirwa mara kadhaa, na ukuta wa Lucca haukuwahi kushambuliwa. Adui pekee aliyeugonga alikuwa maji: mwaka 1812 mto Serchio ulifurika, malango yakafungwa, mji ukabaki mkavu.

Leo juu ya ukuta kuna barabara ya kilomita 4 na ushei yenye miti pande zote mbili, inayouzunguka mji mzima. Kodi baiskeli, uizunguke polepole, na usimame popote unapoona bustani ya mtu au nguo zilizoanikwa chini yako. Ikiwa una saa nne tu Lucca, toa moja kwa ajili ya ukuta. Naipigania saa hiyo kwa kila mgeni, hata anayeniambia amekuja kuona makanisa.

Kisha shuka uende Piazza dell'Anfiteatro. Ni uwanja wa duara lililorefushwa, na nyumba zake zimepinda kuufuata, kwa sababu zimejengwa juu ya magofu ya uwanja wa michezo wa Warumi. Pita upande wa nje, kwenye uchochoro wa nyuma, utazame kuta za nyumba: matao ya Kirumi bado yamo, yamezibwa kwa mawe na matofali, na juu yake kuna madirisha ya watu wanaoishi humo. Mnara wa Guinigi uko dakika chache kutoka hapo, na juu yake imeota mialoni. Ngazi zake ni zaidi ya 200. Kama utapanda mnara wa Pisa jioni, waulize magoti yako kwanza. Mpenzi wa opera atataka kuiona nyumba alimozaliwa Giacomo Puccini mwaka 1858.

Makanisa mengi hufungwa mchana, kwa hiyo San Martino ingia mapema. Humo limo kaburi la Ilaria del Carretto, kazi ya Jacopo della Quercia. Ni marumaru, na mbwa mdogo amelala miguuni pa bibi yake akimtazama. Saa ya kufungwa ndiyo saa ya kula. Agiza cecina, mkate bapa wa unga wa dengu, mafuta ya zeituni, maji na chumvi, unaookwa kwenye sinia kubwa kisha ukakatwa vipande. Aliyekula bajia za dengu ataitambua harufu hata kabla haijafika mezani.

Panda treni ya Pisa, lakini usishukie Pisa Centrale. Shukia kituo kinachotangulia, Pisa San Rossore. Kutoka hapo mnara uko mwendo mfupi tu kwa miguu. Hili peke yake hukuokolea karibu nusu saa.

Mnara ulianza kujengwa mwaka 1173, kwenye udongo laini wa mchanga na mfinyanzi, na msingi wake ni wa mita kama 3 tu. Ulipofika ghorofa ya tatu ukaanza kuinama, na mwaka 1178 ujenzi ukasimama kwa karibu karne nzima. Wahandisi wanaamini kusimama huko ndiko kulikouokoa: udongo ulipata muda wa kushindiliwa na uzito. Waliorudi mwaka 1272 walijaribu kuunyoosha kwa kujenga upande uliozama mrefu kuliko mwingine, na ndiyo maana, ukiutazama vizuri, umepinda kidogo kama ndizi. Mwaka 1989 mnara wa Pavia ulianguka ukaua watu wanne, na Januari 1990 mnara wa Pisa ukafungwa. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa kuchota udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule ulioinuka, mpaka jengo likarudi nyuma zaidi ya sentimita 40. Ulifunguliwa tena Desemba 2001. Ukiwa ngazini utaihisi hadithi hii begani: nusu ya mzunguko inakusukuma ukutani, nusu inayofuata inakuvuta mbali nao, na marumaru ya ngazi imelika upande, siyo katikati.

Ukishuka, usiondoke kabla ya kuingia makumbusho ya Museo dell'Opera del Duomo, ila tazama saa ya kufunga. Humo yumo mnyama wa shaba, nusu tai nusu simba, aliyekaa karne nyingi juu ya paa la kanisa kuu. Ametengenezwa na mafundi wa Kiislamu, na mwilini mwake pamechongwa dua ya Kiarabu kwa mwenye mali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa baadhi ya maneno yake: baraka, salama, afya. Huwa nasimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote Pisa. Na katika Camposanto, jengo la makaburi lililo pembeni, ipo sanamu ya Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, aliyejifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa Bugia, Algeria ya sasa, na kuzieneza Ulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1202.

Kurudi, tembea kwa miguu hadi Pisa Centrale. Vuka mto Arno kwenye Ponte di Mezzo, fuata Corso Italia moja kwa moja, na kabla ya kufika stesheni ulizia kanisa la Sant'Antonio. Nyuma yake mchoraji Keith Haring alichora ukuta mzima mwaka 1989, miezi michache kabla ya kufariki: watu 30 wa rangi, wameshonana wakicheza. Ukuta huo hauna kiingilio wala saa ya kufungwa, na kutoka hapo hadi jukwaani ni dakika tano.