Alesi wa Napudet na Sokwe Nim
Mwaka 2014, huko Napudet, kusini mwa mji wa Lodwar, Kenya, lilipatikana fuvu la mtoto wa sokwe wa kale aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita, akaitwa Alesi, na wataalamu walilichunguza kwa eksirei huko Grenoble, Ufaransa, wakayaona meno yaliyokuwa hayajaota, bila kumuumiza kiumbe yeyote. Nim, sokwe mtu aliyezaliwa Marekani mwaka 1973, hakustahiwa hivyo: alinyang'anywa mama yake angali mchanga, akafundishwa ishara zipatazo 125 za lugha ya viziwi, kisha Herbert Terrace, aliyeongoza utafiti huo, akatangaza mwaka 1979 kwamba Nim aliwaiga walimu wake tu. Mwaka 1982 Nim alipelekwa maabara ya utafiti wa tiba, kana kwamba waliomlea hawakuwa na deni lolote kwake.