Dhamana ya Mabati Isomwe

Mwalimu anayejenga kwa mkopo wa chama cha ushirika huweza kulilipia paa lake kwa miaka mingi. Ndiyo maana nastaajabu nimwonapo mnunuzi akipigania bei ya mabati hadi shilingi ya mwisho, ilhali karatasi ya dhamana haisomi.

Muuzaji hutaja miaka ya dhamana. Naam, lakini dhamana ya nini? Aghalabu ahadi ya kiwanda huhusu bati lenyewe: lisitobolewe na kutu, rangi isibambuke, kila jambo kwa muda wake. Kazi ya fundi haimo. Paa likivuja kwa sababu msumari ulipigwa vibaya, kiwanda hakiwajibiki. Basi fundi naye aandike ahadi yake na kuitia sahihi. Tena ziko dhamana zipunguazo thamani kila mwaka, na zile zisizokubali nyumba za karibu na bahari, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu. Mkazi wa Mombasa au Lamu alitafute sharti hilo kabla ya kutoa fedha.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, habari zinazohitajika, na fidia ya hasara itokanayo na kasoro. Hata hivyo, haki hudai ushahidi. Stakabadhi, cheti cha dhamana na maandishi ya fundi yahifadhiwe pamoja na hatimiliki ya ardhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.