Ua la Manjano Ukingoni mwa Tana

Msafiri atokaye Mwingi, ambaye kwa saa nyingi hakuona ila mchanga mwekundu na vichaka vilivyokauka, akifikilia daraja la mto Tana mbele ya mji wa Garissa hupokewa na ukijani mzito uliotanda ukingoni, uliopambwa na mashuke membamba ya maua ya manjano ambayo nyuki huyavumia tangu alfajiri. Na kama hajaambiwa habari zake, hudhani kuwa ameiona neema. Mti wenye maua hayo ndio mathenge.

Si mwenyeji. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, na habari za kwanza zilizoandikwa za kuja kwake Kenya ni za mwaka 1973, mbegu zake zilipoletwa Bamburi karibu na Mombasa ili kufunika machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi. Wataalamu wameuita *Prosopis juliflora* kwa muda mrefu, kisha mwaka 2022 wakauhamishia jenasi ya *Neltuma*, jambo ambalo mbuzi wa Garissa hawana habari nalo. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Bura, kando ya Tana, kwenye mradi wa kilimo cha umwagiliaji, ili wakulima wapate kuni wasije wakaumaliza msitu wa asili wa mtoni. Nia ilikuwa njema, wala sioni haki kuwacheka waliokuwa nayo. Walakini leo mti uliopandwa kuuhifadhi msitu ule ndio unaousonga.

Siri ya kuenea kwake imo katika ganda la mbegu. Baada ya ua kuanguka, huchomoza ganda refu la rangi ya majani makavu, tamu kwa sukari, ambalo mbuzi, ng'ombe na ngamia hulila kwa pupa, hasa wakati wa jilali, yaani kiangazi kikali, ambapo nyasi zimekwisha. Nyama ya ganda humeng'enywa, bali mbegu, iliyovikwa gamba gumu, hupita tumboni salama na kutoka pamoja na samadi, yaani imepandwa na kutiwa mbolea kwa mara moja. Na pale mifugo isipofika, mto wenyewe huichukua, kama ulivyofanya katika mafuriko makubwa ya 1997 na 1998. Mti ukishashika, mzizi wake hushuka kuyafuata maji ya chini ambayo nyasi haziyafikii. Kwa hiyo mti uliosifiwa kwa kustahimili ukame hustawi kupita kiasi pale penye unyevu, na hapa ndipo penye kitovu cha maudhui yangu.

Maana katika nchi hii maji si ya kila mahali. Wafugaji huufikia mto kwa njia maalumu ziitwazo malka, ambazo mifugo na wanyama wa mwitu wamezipita tangu zama za mababu. Kichaka cha mathenge kikiota katika malka hakichukui ardhi tu, bali huufunga mlango. Miiba yake huchoma kwato na kutoboa magurudumu, na mbuzi aliyezoea ganda lile huoza meno kwa sukari inayoganda baina yake. Mwaka 2006 wenyeji wa Baringo, waliopatwa na balaa hilo hilo, walipeleka shauri katika Mahakama Kuu ya Nairobi, nao wakaja na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Na mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huu kuwa gugu baya.

Hata hivyo, faida unayo. Makaa yake ni mazuri, asali ya maua yake ni safi, na maganda yakisagwa barabara hata mbegu zikavunjika huwa lishe isiyoeneza mti, kwa sharti yachanganywe na chakula kingine. Ila mkata makaa, kwa kukwepa miiba na kuhurumia mgongo wake, aghalabu hukata kwa kimo cha goti, ilhali macho ya kuchipukia yamo shinani, chini kidogo ya udongo. Asipolichimbua shina hapo, mvua ya kwanza hukuta kisiki kimoja, na ya pili hukuta fimbo kumi zenye miiba.