Taa unayowasha, nani aliilipia?

Ukifika Kariba, usikimbilie kamera. Bwawa utaliona tu: ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128, unaouziba mto Zambezi mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Panda kwanza mlimani kwenye kanisa dogo la mviringo la Mtakatifu Barbara. Humo yameandikwa majina ya wafanyakazi 86, Waitaliano na Waafrika, waliofariki wakati wa ujenzi. Yasome polepole, kama unavyosoma majina ya marehemu wa kwenu.

Huko juu pia kuna mnara wa kumbukumbu ya Operesheni Nuhu. Maji yalipoanza kujaa mwishoni mwa 1958, wanyama walikwama visiwani. Rupert Fothergill na wenzake wakaokoa zaidi ya 6,000. Ni kazi njema, na Nuhu mwenyewe angeifurahia. Lakini watu je?

Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka kingo zote mbili, wengi wakipakiwa kwenye malori. Waliacha makaburi ya wazee wao, mashamba yenye rutuba ya kando ya mto na mahali pao pa kuombea mvua. Katika kijiji kimoja cha Zambia ya leo, watu walikataa kuondoka. Septemba 1958 polisi waliwafyatulia risasi, wakafa wanane.

Habari zao utazikuta mbali na ukuta, katika jumba la makumbusho la Watonga mjini Binga, kwenye ufuo wa ziwa hilohilo. Kuna ngoma, vigoda, vikapu, na viko vya kibuyu walivyovutia wanawake. Ukiwa na vijana wa kanisa lenu, wafikishe huko pia. Picha za bwawani watapiga tu.

Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea (2 Samweli 23). Hakuyanywa. Aliona ndani yake damu ya watu, akayamimina mbele za Bwana. Maji hayakuwa na kasoro yoyote, na kiu yake ilikuwa ya kweli.

Wewe huwezi kumimina umeme. Unaweza kuuliza, kipaza sauti kinapowashwa kanisani leo, ni nani alihama ili ukufikie. Watonga wengi waliishi gizani miaka mingi baada ya bwawa kukamilika, nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kuelekea migodini na mijini.